Wenye Gereji, Wenye Mashamba na Mbio za Pasaka

Nimeshika spana hapa Nakuru tangu ujana wangu, na kuna jambo linalonikera kila Safari Rally inapozungumzwa: watu huanzia katikati. Huanzia kwa Toyota za kiwandani, helikopta juu ya vumbi na Wafini wasiocheka. Hao walikuta nyumba imejengwa, tena imeezekwa. Walioichimbia msingi walikuwa wenye gereji, wakulima, wauza magari na wafanyabiashara ambao mbio zikiisha walitakiwa kurudi kazini kama mtu mwingine yeyote. Walishindana kwa ridhaa, wengi wao kwa pesa za mifuko yao. Kwa hiyo niacheni nianzie kwao.

Chanzo ni mtu aliyechoshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na uwanja wa mbio za magari karibu na Gilgil, ukiitwa Langa Langa, si mbali na hapa nilipo. Neil Vincent alimshawishi binamu yake, Eric Cecil, aje kushindana huko. Cecil akakataa. Kuzungushwa njia ileile kama ngamia wa kinu cha ufuta hakukuwa na raha kwake. Lakini wakipatikana watu wa kuandaa mbio ambazo mtu anabamiza mlango wa gari lake, anakata nusu ya Afrika na kurudi, na anayefika nyumbani wa kwanza ndiye mshindi, hapo yeye yumo.

Watu wakapatikana. Mbio za kwanza zilikimbiwa kuanzia 27 Mei hadi 1 Juni 1953, zikapitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa kuwa Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa London siku ya pili yake, zikapewa jina la Coronation Safari. Oktoba ya mwaka uliotangulia serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari. Wakati magari yanapigiwa makofi barabarani, Mkikuyu aliyetaka kutoka wilaya moja kwenda nyingine alihitaji kibali mkononi. Sisemi hili ili kuwaharibia watu sherehe yao. Nalisema kwa sababu linaeleza nani aliweza kuwa dereva wa ridhaa na nani aliitwa tu gari likikwama kwenye tope.

Sasa tuje kwenye utaratibu, maana fundi hapendi hadithi isiyo na utaratibu. Kwingineko magari yalipangwa kwa ukubwa wa injini. Hapa waandalizi waliyapanga kwa bei, bei ileile iliyoandikwa dukani. Gari rahisi lilishindana na gari rahisi mwenzake, na la ghali na la ghali. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wote waliowahi kuufanya. Ukubwa wa injini ni habari ya mainjinia. Bei ni habari ya mnunuzi. Mwalimu wa Kericho au mwenye duka wa Moshi angesoma matokeo na kujua papo hapo kwamba gari analoweza kulinunua yeye limemaliza, au limekatika springi kabla ya kufika popote.

Magari yenyewe yalikuwa ya kawaida, ya kupeleka watoto shule na magunia sokoni. Kila gari liliondoka kwa zamu, dakika kadhaa nyuma ya lililotangulia. Dereva na mwelekezi wake walibeba kadi ya muda, na kila kituo cha ukaguzi kiligonga saa waliyofika. Kati ya kituo na kituo mlipangiwa muda; ukichelewa, kila dakika ilikuwa adhabu, na aliyekusanya adhabu chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Barabara hazikufungwa. Mlikutana na lori la chai, basi, ng'ombe wa Mmaasai na mzee juu ya baiskeli, mchana na usiku, kwa karibu kilomita 5,000. Kwa hiyo hazikuwa mbio za nani ana mguu mzito. Zilikuwa mbio za nani atafika na gari lenye magurudumu manne na akili zilizo sawa.

Mwaka 1954 Vic Preston alishinda na Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, na mwelekezi wake alikuwa D.P. Marwaha. Mwaka uliofuata wawili haohao wakashinda tena, safari hii ndani ya Ford Zephyr. Mzungu na Mhindi kukaa kiti na kiti usiku kucha, wakigawana maji na lawama, katika nchi ambayo hata vyoo viligawanywa kwa rangi: watu wa siku hizi hawaoni ajabu yake. Mwaka 1956 akashinda Eric Cecil mwenyewe, yule aliyechoshwa na Langa Langa, akiwa na DKW na Tony Vickers pembeni. Gus Hofmann akairudisha Volkswagen kileleni mwaka 1957, na Tommy Fjastad akafanya hivyo tena mwaka 1962. Katikati hapo Mercedes ilitamba miaka mitatu mfululizo, miwili ya Bill Fritschy na mmoja wa John Manussis. Mbio zilikwisha kubadilishwa jina mwaka 1960, zikawa East African Safari.

Hata hivyo orodha ya washindi haisemi mengi. Habari yenyewe iko kwenye mvua.

Mbio zilihamia Pasaka, na kila mwenye shamba anajua Pasaka huangukia wapi: pale masika yanapofungua. Udongo mweusi ukiwa mkavu hupasuka nyufa za kumeza mguu. Ukinyeshewa hugeuka gundi. Hujaa ndani ya matao ya magurudumu mpaka tairi linashindwa kuzunguka, na hapo hata uwe na nguvu za farasi mia tano, umekwama tu. Dereva mwenye akili alibeba jembe, mbao, kamba na sarafu za shilingi, kwa sababu wasukumaji walikuwa na bei yao. Msweden Erik Carlsson, aliyekuja na Saab mwaka 1964, alinasa topeni akaona njia ya mkato ni kulibingirisha gari lake juu chini mpaka penye ardhi kavu. Waandishi wa habari hawakumwamini, basi akawaonyesha kwa vitendo. Alimaliza wa pili. Kama mtu aliye chini ya gari muda mwingi wa maisha yake, nauliza tu ni nani aliyenyoosha lile paa.

Mwaka 1963 yaliondoka zaidi ya magari 80. Yalimaliza 7. Mwaka 1968 mvua ikarudi na hasira ileile, yakaondoka tena zaidi ya 80, na tena yakamaliza 7. Watu huyakumbuka hayo kama bahati mbaya ya hali ya hewa. Lakini tazama nani alishinda: mwaka 1963, Nick Nowicki na Paddy Cliff, Peugeot 404. Mwaka 1968, Nick Nowicki na Paddy Cliff, Peugeot 404. Miaka miwili mibaya kuliko yote, miaka mitano kati yake, watu walewale na gari la aina ileile. Bahati haina mazoea ya namna hiyo. Walijua mahali pa kupunguza mwendo, na Peugeot ile ilikuwa na springi laini na ndefu zilizokubali mashimo badala ya kupigana nayo. Mchukue dereva wa kasi wa Ulaya umweke hapo: atalivunja gari lake kwenye mashimo ambayo Nowicki aliyapita kwa kubembeleza.

Katikati ya mafuriko hayo mawili, mwaka 1966 na 1967, Peugeot 404 ilishinda pia mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell. Shankland alikuwa Mskoti aliyeishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na ndugu zetu wa Tanzania wana haki ya kumdai, ingawa sisi Wakenya huwa tunajifanya hatusikii. Mtu asiniulize tena kwa nini Pijo zilijaa barabara zetu. Kampuni zilinunua matangazo, ndiyo, lakini tangazo lililouza lilikuwa lile lililopita mbele ya mlango wako limejaa matope, likiwa bado linanguruma. Baadaye 504 ndizo zilizobeba abiria kutoka Nakuru kwenda Nairobi kwa miaka mingi, na mimi nimezifungua injini hadi nazijua kuliko majina ya wajukuu.

Na sisi watoto? Sauti ya Kenya ilitangaza vituo na muda, nasi tulitengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, magurudumu ya vifuniko vya mikebe, tukayabandika namba. Hakuna aliyetaka kuwa Mfini. Wote tulitaka kuwa Joginder.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa mwenye gereji. Kabla hajawa bingwa alikuwa fundi, na kwa muda alifanya kazi ya doria ya barabarani ya chama cha wenye magari, kuwakwamua waliokwama. Fikiria mafunzo hayo. Mwenzako analipwa kuzunguka na kuona magari yamefia wapi, yamekufa kwa nini, na barabara gani inaua rejeta na ipi inaua shokomzoba. Akaingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1965 akashinda, akiwa na ndugu yake Jaswant kama mwelekezi, na gari lao lilikuwa Volvo PV544 ambalo tayari lilikuwa limeshakimbizwa kwenye Safari kabla hawajalipata wao. La mtumba, kwa Kiswahili cha Gikomba. Walilifungua, wakalipanga upya, wakawaacha wenye magari mapya nyuma kwa zaidi ya saa nzima.

Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Watu weusi, Wahindi na hata masetla waliobaki walimshangilia mtu mmoja kwa pamoja, jambo ambalo wanasiasa wetu walikuwa bado wanalitafutia dawa. Wazungu walimwita Kalasinga Arukaye. Sisi tulimwita kwa jina lake.

Lakini ushindi wake ninaoupenda mimi ni wa 1974. Porsche walikuja na 911 na Björn Waldegård kwenye usukani, gari na dereva wa kutisha. Joginder na David Doig walikuwa na Mitsubishi Colt Lancer ya sisi 1600, gari ambalo wengi hapa walikuwa hawajaliona hata dukani. Porsche ikamaliza ya pili. Mwaka 1976 Joginder akashinda kwa mara ya tatu, na nyuma yake zikafuata Lancer nyingine mbili, za Robin Ulyate na Andrew Cowan. Aliingia Safari mara 22 na kumaliza 19. Hebu mtu mwenye gereji aziweke hizo namba ukutani mahali pa kalenda ya mwanamke. Alifariki London mwaka 2013.

Tangu 1953 mpaka 1971 hakuna aliyeshinda Safari ila mkazi wa Afrika Mashariki. Wageni walikuja na sifa zao, wakaondoka na vipande vya magari. Ilifikia watu kuamini kuna uchawi. Hakukuwa na uchawi, kulikuwa na kujua njia, na maarifa hayo yana kasoro moja: yanaweza kununuliwa. Ford walilielewa hilo. Waliwatuma watu kuisoma barabara mapema, wakapanga magari ya huduma na spea njia nzima, na mwaka 1972, mbio zikianzia Dar es Salaam, Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakashinda na Escort RS1600. Palm huyo ndiye aliyekuwa mwelekezi wa Carlsson siku za kubingirisha Saab. Alikuwa ameshafanya masomo yake topeni.

Mwaka uliofuata Safari ikaingizwa kwenye mashindano ya dunia, ndiyo kwanza yanaanzishwa. Shekhar Mehta akashinda na Datsun 240Z baada ya kulingana alama za adhabu na Msweden Harry Källström, ikabidi kanuni za kuvunja sare zitumike. Mehta alizaliwa Kampala, katika ukoo wa wenye mashamba na viwanda vya sukari, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia alihamia Kenya. Kutoka 1979 hadi 1982 alishinda miaka minne mfululizo na Mike Doughty, wote wakiwa ndani ya Violet ya Datsun. Ushindi mara tano. Mpaka leo hakuna aliyemzidi katika Safari za mashindano ya dunia. Mwaka 1981 akawa pia bingwa wa kwanza wa Afrika, ubingwa wa bara ulipoanzishwa.

Mambo ya siasa yalikuwa yameshaikata miguu Afrika Mashariki. Mwaka 1974 jina likawa Safari Rally tu na njia ikabaki ndani ya Kenya. Halafu viwanda vikaingia na pesa zao: helikopta za kutazama ng'ombe mbele, mafundi wa kuruka nao, tairi za kila aina ya udongo. Baada ya Mehta, tangu 1983 mpaka mbio zilipoondolewa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa 2002, Mkenya aliyeshinda ni mmoja, Ian Duncan, mwaka 1994, na Toyota Celica. Mwaka ule Patrick Njiru alikuwa wa nne na Subaru Impreza. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameshinda daraja lake na Subaru Vivio, gari la sisi 660, injini ambayo wengine hapa wangeiona ni ya bodaboda kubwa.

Njiru ananirudisha kwenye lile la vibali. Baada ya uhuru hakuna sheria iliyomzuia Mwafrika kushindana. Lililomzuia ni bei ya gari la pili, maana gari la mbio lazima liwe la pili. La kwanza ndilo linalokupeleka kazini. Orie Rogo-Manduli aliingia miaka ya 1970, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushindana Safari, na naamini alihitaji ujasiri wa kuwakabili waliomcheka kuliko wa kuikabili barabara. Uganda ilimtoa Charles Muhangi, bingwa wa Afrika wa mwaka 1999. Ni wachache. Wengine wetu tulikuwa hapohapo miaka yote, chini ya magari ya wengine.

Nilijifunza kazi ya huduma katika mashindano ya kitaifa, na hapo ndipo ridhaa imebaki. Safari ilipopoteza hadhi ya dunia haikufa. Ilirudi kuwa raundi ya ubingwa wa Afrika na wa Kenya, na wenyeji wakaitunza kwa miaka 18. Carl Tundo, ambaye baba yake Frank naye alikuwa dereva, aliishinda mara tano katika kipindi hicho. Baldev Chager aliishinda. Ukifuata msimu wa taifa unazunguka nchi: Nakuru, Eldoret, Machakos, Voi, Nanyuki, na Guru Nanak Rally inayoandaliwa na jamii ya Masingasinga. Ijumaa unawaona wenye kampuni, wakulima na wauza spea wanapanga foleni ya ukaguzi wa magari. Jumatatu wako madukani mwao, shingo zikiuma.

Kinachonifurahisha ni kile usichokiona kwenye televisheni. Gari likiingia huduma, tuna dakika chache. Mmoja anafungua magurudumu, mwingine yuko chini anakagua sampu na ngao yake, wa tatu anamwaga maji kwenye rejeta, na mwelekezi anapiga kelele za saa. Niliwahi kuona, pale Elmenteita, mpinzani wetu akikosa draivushafti. Bosi wetu alikuwa nayo moja ya akiba. Akaangalia ubao wa matokeo, akaona yule bwana yuko mbele yake kwa sekunde kadhaa, akaguna, kisha akaniambia nimpelekee. Hatukushinda siku hiyo. Kiwandani ukifanya vile unaandikiwa barua.

Mashindano ya dunia yalirudi Juni 2021, makao yake Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda. Nilikwenda kutazama na nilifurahi kama mtoto. Lakini njia ya kasi yote ilikuwa kama kilomita 320, barabara zimefungwa, usiku kila mtu analala hotelini. Katika vijana waliofunguliwa mlango na ujio huo yumo McRae Kimathi, ambaye baba yake, Phineas, aliendesha rali kabla ya kuliongoza shirikisho la mchezo huo, na jina la mwana lilitokana na Colin McRae yule aliyeshinda Safari mara tatu. Mwaka 2022 kijana huyo alikwenda Sweden kushindana kwenye theluji.

Mimi jicho langu liko chini kidogo ya hapo, kwenye daraja la magari yanayovutwa na magurudumu mawili. Huko bado unaweza kuingia na gari ulilolijenga mwenyewe nyuma ya gereji, ukianzia na kasha lililoachwa na mteja asiyelipa. Tairi ndizo zinazomaliza pesa, halafu mafuta, halafu ada. Vijana wawili niliowafundisha wanajenga lao sasa hivi, na wamefika kwenye kazi ya kuchomelea vyuma vya kinga ndani ya kabini. Nimewaambia wasianze na injini. Waanze na shokomzoba za nyuma.